Mombasa hadi Watamu: Maji Kwanza, Barabara Baadaye

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi inaitwa barabara ya pwani, na wengi huianza asubuhi wakitarajia kuendesha gari huku bahari ikiwafuata upande wa kulia mwendo wote. Hawaioni. Ukishatoka kisiwani kwa daraja la Nyali, utayaona maji tena Mtwapa, kwa sekunde chache tu, kisha Kilifi. Kwingine ni kuta za viwanja, minazi, mibuyu, mkonge wa Vipingo uliopangwa kama mistari ya daftari, na ukishapita Matsangoni, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto. Ni kilomita 120 hivi, na karibu kila mara bahari inajitokeza pale tu mkono wa maji ulipoikata nchi kavu na kulazimisha watu wajenge daraja.

Sababu zake ni za zamani. Wakoloni walipotunga sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, viwanja vya ukanda wa pwani vilianza kusajiliwa kwa majina ya watu binafsi, na vya ufuoni ndivyo vilivyotamaniwa kuliko vyote. Baadaye zikaja nyumba za mapumziko na hoteli, na barabara kuu ikabaki nyuma yake, mara kilomita moja kutoka majini, mara tano au zaidi. Mchanga wenyewe ni wa umma, lakini vichochoro vya kuufikia vingi havina kibao, na vingine vimemezwa na kuta. (Kibao cha mbao chenye mshale kingetosha. Sijui kwa nini jambo dogo hivyo linatushinda.)

Kwa hiyo mwenye kupanga matembezi ya siku moja kwa gari katika barabara hii hapangi mandhari ya njiani. Anapanga mishuko: mahali atakapoiacha lami, akaingia barabara ya mawe ya matumbawe, akaegesha, akavua viatu. Hakuna mshuko unaokula chini ya saa moja, na ule wa kuogelea, ukihesabu kubadili nguo na kumtafuta mtoto aliyefuata kaa, unakula saa mbili. Siku ina nafasi ya mishuko miwili mizuri, labda mitatu. Anayepanga mitano atakumbuka milango ya gari tu.

Swali linalobaki ni mishuko ipi, na kwa mpangilio gani. Hapo ndipo ninapotofautiana na ushauri unaozagaa, kwamba utoke mapema, uende mbali kabisa kwanza, kisha urudi ukisimama-simama. Ushauri huo unatazama barabara. Katika pwani yetu anayeamua ni maji.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hujichelewesha kwa kiasi cha dakika 50. Hilo kila mtoto wa Pwani analijua. Linalosahauliwa ni ukubwa wa tofauti. Wakati wa bamvua, kina cha maji kati ya kupwa na kujaa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3. Ufuo ule ule wa Watamu ambao saa tano asubuhi ni uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi, saa kumi na moja jioni ni ukanda mwembamba, na mawimbi yanagonga miamba. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita moja na ushei, na ukifika siku hiyo ukitarajia kutembea juu ya miamba, utasimama ukitazama maji yaliyokataa kuondoka.

Uzuri ni kwamba jambo hili linatabirika. Bamvua huja siku za mwanzo wa mwezi mwandamo, tarehe 1 hadi 3 au 4, na tena mwezi ukishapevuka, tarehe 14 hadi 17. Maji mafu huangukia tarehe 7 hadi 9, na 22 hadi 24. Kalenda iliyotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Mombasa ina tarehe hizo kando ya zile za Januari na Februari. Halafu kuna jambo ambalo wageni huliona kama bahati, na mvuvi hulichukua kama kawaida: hapa kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, mwaka mzima, na kujaa alasiri kuelekea jioni. Siku za maji mafu ratiba hugeuka, yakajaa asubuhi hadi karibu na saa sita, na kupwa saa kumi, saa kumi na moja.

Atakaye uhakika zaidi atazame jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Saa za Kilifi na Watamu zinatofautiana na za Kilindini kwa dakika chache tu, kwa hiyo moja linatosha. Usiishie kwenye saa. Soma na safu ya kina. Maji ya kupwa yakiandikwa 0.3 au 0.4, miamba itakuwa wazi na mafungu ya mchanga yatajitokeza. Yakiandikwa 1.3, hiyo ni kupwa kwa jina tu. Na kama jedwali linakutatiza, mpigie simu mtu wa mashua, umuulize kwa adabu: "Mzee, shikamoo. Jumamosi maji yapwa saa ngapi?" Atakujibu bila kufungua kitabu, na pengine atakuongezea habari za upepo ambazo jedwali halina.

Sasa chukua siku ya bamvua. Toka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, kabla soko la Kongowea halijachangamka na kabla magari hayajasongamana Mtwapa. Ramani ya simu itakuambia Watamu ni mwendo wa saa mbili na kidogo. Weka tatu, kwa sababu ramani haijui matuta, wala lori la mchanga linalopanda mlima kwa mwendo wa mguu mbele yako. Staftahi iwe Kilifi, kilomita 60 hivi kutoka mjini, mahamri na mbaazi za nazi, na isizidi nusu saa. Ukiingia Watamu saa tatu na nusu, maji yanaendelea kutoka, na huo ndio wakati wa kuingia.

Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi hufanya kinyume. Husubiri maji yapwe kabisa ndipo waanze kutembea, wakafika kwenye fungu la mchanga wakati bahari inageuka. Fungu lenyewe ndilo la mwisho kufunikwa. La kwanza kujaa ni mfereji ulio nyuma yako, kati ya fungu na ufuo, na unajaa ukiwa umeupa mgongo, ukipiga picha. Mkondo nao haungoji. Mafungu ya Mayungu, kaskazini ya Watamu, yana sifa mbaya kwa hilo: maji ya goti ulipokwenda, ya kifua unaporudi, na mtoto wa miaka saba hana kifua cha mtu mzima. Ingia maji yakitoka, tazama kitu kimoja kisichosogea, jiwe au mti wa mashua, na maji yakianza kukipanda, rudi. Vaa sandali za plastiki zenye mkanda, maana wale wanyama wa miiba myeusi hujificha kwenye mashimo ya mwamba, na matumbawe hai hayakanyagwi kwa namna yoyote. Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Kiingilio hulipwa kwa simu, hakipokelewi kwa pesa taslimu. Kilipe mkiwa Kilifi mnakunywa chai, mtandao ukiwa na nguvu. Bei ya mashua patana na nahodha mwenyewe kabla hamjagusa maji, na mtaje muda, si mahali tu.

Saa tano na nusu jua limekuwa adui. Hapa huwa nawashangaa wanaobaki ufuoni hadi saa nane kwa kuwa "tumekuja baharini." Gede iko kilomita 6 au 7 tu, na Gede ni mahali pa mchana. Mji huo wa mawe, ulioanza katika karne ya 12 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, umefunikwa na msitu; mibuyu na mikuyu imepanda juu ya kuta, na ndani ya vyumba vya jumba la mfalme kuna ubaridi wa kweli saa saba mchana. Tembea polepole. Kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, 802 Hijria, sawa na 1399, na ni tarehe hiyo iliyowasaidia wataalamu kuupanga umri wa majengo mengine yote. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mji huo mwaka 1948, alikuta vigae vya China na shanga za ng'ambo katika nyumba za watu ambao leo hatujui hata majina yao. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kumbukumbu mwaka 1927, na UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, kuchelewa ambako sina maelezo yake.

Tazama vizuri vyoo na visima. Wageni hukimbilia msikiti mkuu, wapige picha mihirabu, waondoke. Mimi humwambia mtu aketi kwenye ngazi ya ua, ahesabu hatua kutoka mlango wa nyumba hadi kisimani, kutoka kisimani hadi msalani, kisha alinganishe na nyumba aliyokulia. Mambo mengi ya mji wa Kiswahili yanaeleweka hapo kuliko kwenye maelezo ya ukutani. Halafu acha chakula ndani ya gari. Kima wa Gede wanaijua sauti ya pakiti ya krispi, na hawaombi. Ndani ya eneo hilo hilo kuna mradi wa Kipepeo, uliopo tangu 1993, ambao hununua vifukofuko vya vipepeo kutoka kwa wakulima wa pembezoni mwa msitu na kuviuza nje ya nchi. Watoto hawatoki humo. Ongeza dakika 20 kwenye hesabu yako.

Chakula cha mchana kiwe Dabaso, ukingoni mwa mkono wa bahari wa Mida, ambako njia ya mbao inapita katikati ya mikoko hadi majini. Siku ya bamvua utafika saa nane na kukuta maji yanarudi: kwanza mifereji, halafu tope, halafu mizizi inaanza kuzama mmoja mmoja. Agiza sambusa za kaa na uangalie. Kwa macho yangu, huo mwendo wa maji kuingia mikokoni ni tamasha kubwa kuliko ufuo wowote wa Watamu, na hauna kiingilio cha kutisha.

Siku ya maji mafu ratiba igeuze. Hakuna haja ya kuamka alfajiri kuiwahi miamba isiyojitokeza. Ogelea kwanza, kati ya saa nne na saa sita, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Gede ibaki mchana. Mida ije alasiri, maji yakipwa, na ikiwa ni kati ya Septemba na Aprili, kaa na darubini: ndege waliokimbia baridi ya kaskazini huteremka kwenye tope linalojitokeza, wakitafuta kaa na minyoo. Hapo utakuwa umepata siku nyingine kabisa katika barabara ile ile.

Utauliza: na Malindi je? Ni kilomita 16 au 18 tu kutoka Gede. Jibu langu huwaudhi watu, nami silibadilishi. Kwa anayetoka na kurudi Mombasa siku moja, Malindi haimo. Kwenda na kurudi kutoka Gede, pamoja na kuingia mjini na kutafuta pa kuegesha, ni saa moja na nusu, na hiyo ndiyo saa na nusu ya maji uliyoamka alfajiri kuitafuta. Mji wenyewe hautendewi haki kwa kupitiwa. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika 1498, na kanisa dogo la Wareno vinatazamwa kwa dakika chache, lakini mji uliotuma balozi na twiga hadi China, akafika huko 1415, unadai jioni yake, kahawa chungu, kulala na kuamka. Isitoshe, bahari ya Malindi ina tabia yake. Mto Sabaki hushusha udongo wa bara baada ya mvua, na kaskazi inapovuma udongo huo husukumwa kusini hadi mbele ya mji, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, huku Watamu, kilomita chache chini, yakiwa meupe.

Misimu nayo iwekwe katika hesabu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, huleta joto, bahari safi na wageni wengi. Kusi hushika kuanzia Aprili, na katikati yake mwani hulundikana ufuoni, upepo hukaza baada ya adhuhuri, na nahodha mwenye akili hukataa kutoka nje ya mwamba. Mimi huipenda Oktoba na nusu ya Novemba, kati ya pepo mbili, bahari inapolala. Mvua za vuli zinaweza kukukuta, lakini hunyesha na kupita.

Kuna jambo la jua ambalo abiria halijui. Dereva wa Kenya hukaa kulia. Akielekea kaskazini asubuhi, jua linamchoma mkono wa kulia kutoka baharini. Akirudi kusini jioni, linamchoma mkono ule ule kutoka bara. Siku nzima upande mmoja. Shati la mikono mirefu linasaidia kuliko kiyoyozi, na madereva wawili wanasaidia zaidi. Mambo mengine ya gari ni yale ya kawaida: upepo wa magurudumu, spea, jeki, maji ya rejeta. Mafuta yapo kila mji. Usiliingize gari mchangani, hata ukiona nyayo za magurudumu ya wengine. Huzioni nyayo za waliowavuta.

Kuhusu machweo, tuache kudanganywa na picha. Bahari yetu iko mashariki, jua huchomoza humo, halizami humo. Anayetaka jua likizama juu ya maji aende kwenye mikono ya bahari, na ipo miwili ya maana, Mida na Kilifi. Mida ni nzuri zaidi. Mimi nachagua Kilifi. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi, na giza halina masihara, kufumba na kufumbua ni usiku. Ukilitazama likizama Mida, una kilomita 100 za giza mbele yako, na katika barabara hii giza maana yake ni bodaboda zisizo na taa, mbuzi, baiskeli iliyobeba makaa, na matuta yaliyofutika rangi. Ukiliona Kilifi, umebakisha 60.

Kwa hiyo ondoka Mida saa kumi, ufike Kilifi saa kumi na moja. Njiani, kwenye matuta, vijana watakusongezea korosho dirishani. Onja kwanza: za jana na za mwezi jana zinafanana ndani ya pakiti. Kabla ya kuvuka kusini egesha gari upande wa mji, usisimame darajani. Hadi 1991 hapakuwa na daraja hapo, watu walivushwa kwa feri, na safari ya Malindi ilikuwa na kituo ambacho hakuna aliyekipanga: foleni. Wazee wa Kilifi bado huzungumzia biashara ya machungwa na samaki wa kukaanga iliyostawi kwenye foleni ile. Ng'ambo, Mnarani, juu ya mwamba kuna magofu ya misikiti na makaburi ambayo watu huyapita kila wiki bila kuyajua, na kutoka hapo mkono wote wa bahari unaonekana hadi unapojikunja bara. Ikiwa ni siku ya bamvua, maji yanakuwa yamejaa pomoni na yanaanza tu kugeuka. Ondoka jua likigusa miti.

Jumapili jioni hesabu hiyo haifanyi kazi. Waliokwenda Kikambala na Mtwapa wanarudi wote kwa pamoja, na kilomita 16 za mwisho zinaweza kukugharimu muda sawa na kutoka Kilifi hadi Mtwapa. Kama unaweza kuchukua Jumamosi, ichukue. Jumanne ni bora zaidi. Mwezi wa Ramadhani beba chakula cha watoto, maana mikahawa mingi midogo hufungwa mchana.

Na mwenye Jumapili moja tu, ikaangukia maji mafu katikati ya Julai, kusi ikivuma? Aiache Watamu. Aondoke baada ya staftahi, aingie Takaungu, mji mdogo wa kale ambako baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui walihamia baada ya kupoteza Mombasa mwaka 1837, atembee vichochoro vyake hadi kwenye mkono wa maji. Kisha aende Kilifi, ambako kina kinatosha kuogelea maji yakijaa au yakipwa na kusi haifiki kwa nguvu, ale samaki wa kupaka, apande Mnarani. Saa tisa alasiri awe ameshageuza gari, avuke Mtwapa kabla wale wa Kikambala hawajaanza kukunja mikeka yao.